Ua la Mama wa Kelamane

Watu wa mji wa Davanagere walikuwa wakisema kwamba Halappa alizaliwa bila breki mdomoni. Neno likishafika kwenye ulimi wake limetoka, awepo mkubwa, awepo mdogo. Kazi yake ilikuwa kusuka upya waya wa mota za pampu za visima. Mkulima akimletea mota iliyoungua, fundi mwingine angesema pole, iache tuiangalie. Halappa alisema, "Umeiua mwenyewe. Kisima kimekauka, wewe umeiwasha ukaenda kulala. Sasa unaniletea maiti iliyokwisha kuungua, ambayo hata kuni za kuichoma haihitaji." Mkulima alinuna, akaondoka, na kesho yake akarudi, kwa kuwa mota iliyopita mikononi mwa Halappa ilidumu.

Ulimi huohuo ndio uliomfikisha Kelamane, milimani kwenye misitu, Ijumaa moja mwishoni mwa mvua. Alikuwa amesimama kifua wazi na tumbo mbele, kama mahekalu ya huko yanavyotaka wanaume wasimame, mbele ya mlango wa mungu wa kike ambaye wenyeji humwita Mama, basi.

Kisa kilianza miezi minne nyuma. Binti yake wa pekee, Nagaveni, ambaye nyumbani huitwa Veni, alikuwa na miaka thelathini na mmoja na kazi ya kupima macho katika kliniki moja mjini. Huko ndiko alikokutana na Chandrahasa, kwa kifupi Chandru, kijana wa Kelamane anayeotesha miche ya mipopoo na pilipili manga, aliyemleta mama yake kutolewa mtoto wa jicho. Mama alitolewa mtoto wa jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha akaendelea kuletwa kliniki ingawa alikuwa anaona hadi nzi wa ng'ambo ya barabara. Watu wakaelewa. Posa ikaja.

Tatizo likawa nyota. Chandrahasa alizaliwa mwaka wa mafuriko, mkunga hakuwa na saa, na mpaka leo hakuna ajuaye kama alitoka tumboni alfajiri au jioni. Bila saa ya kuzaliwa nyota hazisomeki, na bila nyota kaka zake Halappa waligoma. Kwenye kikao cha posa mmoja alisema hivi, mwingine vile, kahawa ikapoa. Halappa hakuwa na neno na kijana, ila kelele zilimchosha. Akasimama, majani ya tambuu mkononi, akanguruma:

"Basi! Hawa wana Mama yao huko kwao. Tutamwuliza kwa maua. Ua la kulia kwake likianguka, harusi. La kushoto likianguka, mimi Halappa nimekataa, na mtu asije kunililia hapa, hata awe Veni."

Neno lililosemwa mbele ya pande mbili, msemaji ameshika tambuu, halirudi. Limefungwa fundo. Kaka zake wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Veni aliinuka akaenda jikoni.

Miezi minne ni mingi kwa mtu aliyesema neno la hasira. Halappa alimsikia binti yake akiimba huku anapepeta mchele, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu msichana akiwa na miaka kumi na tisa. Chandrahasa mwenyewe alitokea karakana mara tatu. Mara mbili za kwanza alileta pampu. Halappa akamwambia, "Mikono yako laini kama ya karani." Kijana akaitazama mikono yake, akasema, "Kweli, mzee. Miche haipendi mikono migumu." Akakaa chini na kuanza kuchambua vipande vya waya wa shaba bila kuombwa. Mara ya tatu hakuleta pampu. Alijileta mwenyewe tu, akachambua waya mpaka jioni. Halappa akaanza kumpenda, na hilo ndilo neno pekee maishani mwake alilolimeza.

Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Sasa yote yalikuwa mikononi mwa Mama.

Halappa, mkewe na Veni walifika Kelamane wamechelewa, kwa sababu daraja moja lilikuwa limefunikwa na maji wakalazimika kuzunguka mlima mzima. Kwenye ngazi za hekalu Chandrahasa na mama yake, Bhagirathi, walikuwa wanawasubiri. Bhagirathi alikuwa mfupi, mnene, midomo myekundu kwa tambuu, na akizungumza ni kama mashine ya kukoboa.

"Karibuni, karibuni! Mmekula? Hamjala, nawaona. Girija dada yangu, njia imekukausha. Mkwe, njoo ukae hapa kwanza nikupe habari ya Mama. Hapa kwetu mtu haingii bila kujua kwamba..."

"Mama Chandru, hadithi baadaye," Halappa akamkata. "Kuhani anafunga saa saba."

"Si ndefu."

"Kila mwenye hadithi ndefu husema hivyo."

Girija, mkewe, akamfinya kiunoni. "Baba Veni!"

Bhagirathi hakukasirika. Alicheka mpaka akapaliwa na tambuu. "Mwache, dada. Kama anaogopa maneno yangu atakimbilia wapi tukishakuwa wakwe? Nenda, mkwe. Muulizaji huenda peke yake. Sisi tuko pale kwenye baraza."

Halappa akavua shati, akalitundika begani, akaingia na shuka lake la kiunoni.

Kuhani, Subraya, alikuwa mtu mwembamba mwenye haraka za mtu aliyeacha chungu motoni, na kweli alikuwa ameacha. Aliuliza swali ni lipi. Halappa akalisema: binti yangu na kijana huyu, ndiyo au hapana. Kuhani akaingia chumba cha ndani, mahali pasipoingiwa na mwingine, akachovya vishada viwili vidogo vya maua ya mpopoo ndani ya maji, akavibandika kwenye jiwe la Mama, kimoja bega hili, kimoja bega lile.

Jiwe lilikuwa jeusi, kimo cha mtungi, limevikwa sari ndogo ya kijani na mashada ya maua mpaka juu. Mle ndani palikuwa na taa mbili za mafuta, hakuna zaidi. Halappa hakuona uso na hakuutafuta. Kijijini alikozaliwa mungu wao pia ni jiwe, na jiwe halina haja ya pua. Alichojua ni kile ambacho kila mtoto wa kwao anakijua: Mama anakutazama wewe uliye mlangoni, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Akakaza macho kwenye kishada kilichokuwa kushoto kwake. Hicho ndicho kilichopaswa kuanguka.

Subraya alianza kusoma maneno yake, kisha pua ikamcheza.

"Wali wa Mama!" akasema. "Unaungua! Wewe, simama hapo hapo. Kishada kikianguka niite."

Akatoka mbio kuelekea jikoni, kamba yake ya ukuhani ikirukaruka kifuani.

Halappa akabaki peke yake. Hakujua maneno ya vitabuni. Aliacha shule darasa la sita, na hata huko hayakufundishwa. Akasema kwa sauti ya chini, kama anavyosema na mteja anayemheshimu:

"Mama, mimi nina mdomo mbaya, unajua. Nilisema neno kwa sababu ya kelele za kaka zangu. Usinishike kwa neno lile. Mtoto anaimba. Nakuomba, dondosha hili la huku."

Maji yalikuwa yanatiririka taratibu kwenye jiwe. Kishada cha kushoto kwake kilikuwa kimegandia kama kupe. Kishada cha kulia kwake kikatikisika. Kikaning'inia kwa uzi mmoja. Halappa akakikodolea macho akikiamuru kikae, kikae, kikae wewe. Kikaanguka.

Hakumwita kuhani. Miguu ikamtoa nje yenyewe. Alivaa shati, akafunga vifungo, akakosea, akafungua, akakosea tena. Uwanja ulikuwa na mawe yaliyolowa, na upande wa pili, kwenye baraza la nyumba ya wageni, watu wanne walikuwa wamesimama wakimtazama. Girija alikuwa ameshika kifua. Bhagirathi, kwa mara ya kwanza, alikuwa amenyamaza. Chandrahasa alikuwa anatazama chini. Veni alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, kama abiria wa basi linalokata kona.

Halappa hakuwahi kudanganya. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Hakuwa na ufundi huo, kama ambavyo mtu mwingine hana ufundi wa kuogelea. Baba yake alipougua mara ya mwisho, jamaa wote walimwambia utapona. Halappa ndiye aliyemwambia, mzee, unakufa, sema unachotaka. Na sasa alikuwa anavuka uwanja, na kila hatua neno hapana lilimjia kwenye ulimi. Alikuwa ameshafungua mdomo alipoiona mikono ya Veni kwenye ile nguzo. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe.

Mama, alisema moyoni, adhabu ije kwangu. Chukua mkono wangu wa kazi ukitaka. Mwache huyu.

"Amekubali," akasema.

Girija aliketi chini palepale kwenye ngazi akaanza kulia kwa sauti. Bhagirathi alirudiwa na maneno yote aliyoyazuia, yakatoka kwa pamoja, akimshukuru Mama, mvua, daktari wa macho na dereva wa gari. Chandrahasa akainama kumgusa Halappa miguu. Halappa akaivuta miguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Acha, acha. Utachafua shuka lako."

Veni hakuwa ameachia nguzo. Alikuwa anamtazama baba yake kwa macho yale anayowatazamia wagonjwa wanaosema wanaziona herufi kumbe wanabahatisha.

"Baba, umeliona mwenyewe likianguka?"

"Nimeliona kwa macho haya mawili."

"Upande gani?"

"Veni, nimeshasema amekubali. Unataka nikuchoree?"

"Na kuhani alisema nini?"

"Kuhani alikuwa anaokoa wali."

"Mwacheni mtu apumue!" Bhagirathi akamshika Halappa mkono wa juu kama askari anayekamata mwizi. "Sasa huna pa kukimbilia, mkwe. Twendeni nyuma ya hekalu, wote. Aliyepata jibu haondoki bila kupita nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Si ndiyo hadithi yenyewe hiyo uliyoikataa?"

Kutoka jikoni sauti ya Subraya ilisikika ikigombana na mpishi. Bado dakika chache angerudi mlangoni, angekuta kishada chini na muulizaji hayupo, na angetoka kumtafuta. Halappa akawa wa kwanza kuelekea nyuma ya hekalu. Aliwapita wote. "Haya, twendeni, twendeni," akawahimiza, mpaka Girija akafuta machozi akamshangaa.

Nyuma palikuwa na ukuta mkubwa wa mawe uliofunikwa na ukoga, na chini yake mfereji wa jiwe uliotoa maji yanayomwagwa ndani wakati wa kumwogesha Mama. Juu ya mfereji kulikuwa na dirisha dogo, si kubwa kuliko sinia, lenye fito za mbao zilizong'azwa na mikono ya watu. Bhagirathi akawaketisha kwenye kingo za mawe. Halappa akachagua mahali anapoiona kona ambayo kuhani angetokea.

"Zamani hizo," Bhagirathi akaanza, "Mama alikuwa anatazama mlangoni, kama miungu wote wenye adabu zao. Makuhani walimwogesha kwa maziwa, wakamsomea asubuhi, wakamsomea jioni. Sasa palikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Sanki. Watu wa kwao walikuwa hawaruhusiwi kuvuka lango. Yeye alikuwa anapita huku nyuma na vyungu vyake kichwani. Anavitua hapo alipokaa Girija, anakunywa maji haya kwa kiganja, halafu anaanza kumpa Mama habari."

"Habari gani?" Girija akauliza.

"Habari, dada! Za kijiji. Nani kampiga nani. Ng'ombe wa nani kazaa. Nani anasema amefunga kumbe anakula ndizi chooni. Mama alikuwa amekaa mle ndani miaka mia tatu anaambiwa yeye ni nuru ya mbingu na ardhi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba mbuzi wa kuhani ameingia shamba la watu."

Chandrahasa akacheka. Alikuwa ameisikia mara elfu na bado alicheka. "Mama, mbuzi wa kuhani umemwongeza mwaka huu."

"Nyamaza, hukuwepo. Basi, mvua moja Sanki akaugua homa. Siku ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Siku saba. Siku ya nane makuhani wanafungua mlango, maziwa mkononi, wanakuta jiwe limegeuka! Mgongo mlangoni, uso ukutani. Na ukuta wenyewe umepasuka, hapa, kwenye dirisha hili."

Halappa alikuwa anasikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa jikoni, ambako ugomvi ulikuwa umekwisha. Sasa anatembea kwenda mlangoni, aliwaza. Sasa anainama. Sasa amekiona kishada.

"Wakaleta kamba," Bhagirathi alikuwa anasema. "Wakaleta fahali kumi na wawili. Wakamvuta Mama mpaka akatazama mlangoni. Kesho yake, amegeuka. Wakamvuta tena. Kesho yake, amegeuka. Mara ya tatu fahali wakalala chini wakakataa kuinuka, kama wakwe walionyimwa chakula. Hapo kuhani mkubwa akavuka kijito kwa miguu yake, kwenye mvua, mpaka kibandani kwa Sanki, mahali ambapo kuhani hajawahi kukanyaga. Akamwambia, inuka, Mama anakuulizia. Sanki akasema, nina homa, mwambieni nitakuja keshokutwa, na mwambieni yule mchumba wa jirani ametoroka. Akaja kweli. Wakatoboa dirisha. Tangu siku hiyo Mama hajageuka tena. Mlangoni watu wanakwenda kuuliza mambo yao, lakini mwenye kutaka kuonana na Mama uso kwa uso anakuja hapa, awe mfinyanzi, awe waziri. Mgongo kule, uso huku."

Halappa aligeuza shingo taratibu.

"Mama Chandru. Rudia."

"Nirudie kutoka wapi? Kwenye fahali?"

"Hapo mwisho. Mgongo."

"Mgongo mlangoni, uso dirishani."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo, mkwe. Muda wote ule uliosimama mle ndani ulikuwa unausalia mgongo wa Mama. Sote tunausalia. Hana kinyongo."

Kuna jambo kila fundi wa mota analijua, na Halappa alilijua kwa uchungu, kwa sababu akiwa na miaka kumi na tano alifunga pampu ya kwanza ikazunguka kinyume, na bwana wake akamzaba kofi. Mota ukiitazama kutoka mbele inazunguka kulia. Ukiizungukia nyuma ukaitazama tena, hiyohiyo, bila kuguswa, inazunguka kushoto. Mota haijabadilika. Ni wewe uliyehama.

Alisimama. Akawapa wote mgongo, akautazama ukuta wa hekalu, akainua mkono wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. Kisha akageuka akawatazama, akainua tena wa kulia.

"Baba Veni," Girija akasema kwa woga, "mkono umekufa ganzi? Chandru mwanangu, mkalishe, ndugu yake mmoja alianza hivihivi akapooza."

"Niacheni."

Akaenda dirishani, akashika fito mbili, akaweka paji la uso katikati. Mle ndani, hatua mbili tu kutoka kwake, palikuwa na uso wa fedha wenye macho makubwa meupe na kipini cha dhahabu puani. Ulikuwa unamtazama yeye. Kwenye bega moja kishada cha maua kilikuwa bado kimegandia. Kwenye bega la pili, hakuna. Lile tupu lilikuwa mkabala na mkono wake wa kushoto. Kushoto kwake yeye, na mara hii Mama alikuwa anamtazama kweli, kwa hiyo kulia kwa Mama.

Alihesabu tena, kwa sababu fundi mzuri hupima mara mbili. Ilikuwa vilevile. Kulia kwa Mama. Lilianguka la kulia.

Akateleza na ukuta mpaka akakaa ndani ya mfereji, maji yakamwingia kwenye shuka, na hakujali. Kicheko kikamtoka kutoka mahali asipopajua, kicheko cha mtu aliyetupwa mtoni akagundua maji yanafika kiunoni. Alicheka, akajipiga mapaja, akacheka tena, mpaka kunguru juu ya paa wakaruka.

Wakati huohuo Subraya akatokea konani, amebeba sinia, uso umekunjamana.

"Wewe bwana! Nimekutafuta hekalu zima! Mama anakujibu kwa mkono wa kulia, jibu zuri namna hii, halafu unamwachia ua lake sakafuni kama ganda la karanga? Kwenu hakuna adabu?"

"La kulia?" Halappa akauliza kutoka mferejini. "Sema tena, kuhani. Kwa sauti."

"La kulia! La kulia! Na kwa nini umekaa ndani ya maji ya Mama?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Angepokea ua, angelibusu, angekwenda kula. Siri ilikuwa salama, hakuna aliyejua. Lakini Halappa alikuwa ameshikilia neno moja kwa muda wa karibu nusu saa, na kwake hiyo ilikuwa kama kushikilia pumzi.

"Nilidanganya," akasema.

Bhagirathi akaacha kutafuna tambuu.

"Ulidanganya nini?" Girija akauliza.

"Kule barazani. Niliona limeanguka la kushoto. Nilidhani Mama ananitazama, sikujua kama kanipa mgongo. Niliona amekataa, nikaja nikawaambia amekubali."

Girija alifunga mdomo kwa ncha ya sari. Kuhani alifungua wake. "Umedanganya jibu la Mama? Mlangoni kwa Mama?"

"Barazani. Mlangoni sikusema kitu."

"Lakini..." Subraya alitazama sinia, akatazama dirisha, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ulisema amekubali, na amekubali. Kwa hiyo ulisema kweli. Lakini ulikusudia uongo. Kwa hiyo..." Akaacha. "Mimi nina miaka ishirini na sita hapa. Hili halijawahi kuletwa."

Bhagirathi hakuweza kuvumilia zaidi. Alianza kutikisika kimyakimya, mabega kwanza, kisha tumbo, kisha akapasuka. "Nilimwambia! Nilimwambia akae nimpe habari! Si ndefu, nikasema! Ona sasa, mkwe wangu amedanganya kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ameukosa hata uongo wenyewe!"

Hata Girija akacheka, akamwita mumewe mpumbavu, akamnyooshea mkono kumtoa mferejini, akashindwa kwa uzito wake, Chandrahasa akaja kusaidia. Subraya akamwekea Halappa kile kishada kiganjani, akamdondoshea kijiko cha maji matakatifu, akasema atalifikiria jambo hili usiku na kama kuna kosa atamwandikia barua.

Mmoja tu hakucheka. Veni alisubiri mpaka wengine walipokwenda dirishani kuonana na Mama, akamsogelea baba yake aliyekuwa anakamua pindo la shuka alilojifunga.

"Baba. Uliona Mama amekataa."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeapa na tambuu mkononi, mbele ya baba zangu wote, wakubwa na wadogo."

"Ndiyo, Veni. Nilikuwepo."

"Ukanidanganya ili niolewe."

"Sasa ulitaka nidanganye kwa ajili ya nani, ya kuhani?" Akakamua shuka kwa nguvu zaidi kuliko lilivyohitaji. "Ulikuwa umeshika nguzo ile vibaya. Ningefanyaje?"

Veni akachukua upande wa pili wa pindo akamsaidia kukamua, yeye akisokota huku, baba huku, kama wanavyofanya dobi. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Miezi minne nzima," akasema hatimaye, "nilikuwa najua kwamba ukirudi na hapana, utaitamka hapohapo, hutanitazama hata mara mbili."

"Hata mimi nilijua hivyo," Halappa akasema. "Tulikosea wote. Haya, nenda kamwambie Mama habari zako, wenzio wanakaribia kumaliza."

Zamu ya Halappa ilipofika aliinama dirishani. Watu wa huko humpa Mama habari yoyote, kubwa au ndogo, maadamu ni ya kweli. Akaanza na kaka zake. Akamweleza kila mmoja kwa jina na tabia yake, na nani kati yao anayenuna kwenye harusi za watu. Akapita kwa mteja mmoja wa mji wa Harihar anayewasha pampu kwenye kisima kikavu kila mwaka. Alipofika kwa mwenye gari aliyewazungusha mlima, Girija alimvuta kwa shati akisema chakula kinapoa na Mama naye ana watu wengine wa kuwasikiliza.

Walikula kwenye ukumbi wa hekalu, wamekaa safu moja chini, majani ya mgomba mbele yao. Halappa akamwashiria Chandrahasa aje akae karibu naye. Kijana akaja, akakunja miguu, akasubiri. Aliona kwamba kuna swali linakuja na halitakuwa tamu.

"Nijibu," Halappa akasema. "Shambani kwenu kuna ruba, hawa wanyonya damu? Binti yangu anaogopa ruba kuliko chui."

Chandrahasa alimtazama Veni, akamtazama mama yake, aliyekuwa anamfanyia ishara ya kutikisa kichwa, kataa, kataa.

"Wapo, baba," akasema. "Mvua zikinyesha ni wengi mno. Wanapanda mpaka kitandani."

Bhagirathi akajipiga kofi la paji la uso. Safu nzima ikamgeukia Halappa.

Halappa alitafuna kwanza, akameza. Kisha akachukua kipande chake cha sukari guru, kile cha pekee alichowekewa, akakihamishia kwenye jani la kijana, akainamia wali wake. Alikuwa na njaa kama mtu ambaye hajala kwa siku nne.